Usikubali haraka kuambiwa kompyuta ya gari lako imekufa

SAA kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu. Umeoga, simu imejaa chaji, programu ya teksi iko wazi na mteja wa kwanza anakungoja Roysambu akitaka kupelekwa JKIA. Unaingiza ufunguo, unazungusha. Stata inalia, injini inazunguka, lakini haishiki. Unajaribu tena. Wapi! Mteja anakatiza safari na kuitisha gari lingine.

Saa mbili, fundi wa mtaani amefika. Anachomeka kifaa chake kidogo chini ya usukani, anatazama skrini, anatikisa kichwa: "Bosi, kontroli boksi imeenda. Hii ni ya kununua ingine." Anamjua mtu Kirinyaga Road aliye nayo. Anataka utume pesa sasa hivi kwa M-Pesa, eti kabla mtu mwingine hajaichukua.

Kama gari ni la mkopo, hesabu unaijua. Marejesho ya wiki hayangoji gari lipone. Ukitoa pesa za marejesho ukanunua kompyuta, kisha gari likatae kuwaka, utakuwa huna pesa, huna kazi, na mwenye mkopo anapiga simu. Kuna vijana waliopoteza gari kwa njia hiyo, na kumbe tatizo lilikuwa waya mmoja uliolegea.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma hata bob, tulia. Kompyuta ya injini, ambayo wengi huiita ECU au kontroli boksi, inaweza kufa kweli. Lakini ni mshukiwa wa mwisho, si wa kwanza. Kuna vipimo vinne ambavyo fundi yeyote anayejua kazi yake anaweza kukufanyia, nawe ukitazama, kabla ya kuihukumu.

Kisanduku hiki hufanya nini?

ECU ni kisanduku kidogo cha chuma au alumini, ukubwa wake kama kitabu. Kwenye magari mengi kutoka Japani kimefichwa nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Kwingine kiko chini ya boneti, karibu na betri.

Kazi yake ni kusikiliza na kuamuru. Husikiliza sensa: injini inazunguka kwa kasi gani, ina joto kiasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, na umekanyaga mafuta kwa nguvu gani. Kisha huamuru injekta zifunguke kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, huamuru koili zitoe cheche, na huwasha pampu ya mafuta kupitia rilei.

Sasa fikiria hivi. Kama sensa inadanganya, ECU itaamuru vibaya. Kama haipati umeme, itanyamaza kabisa. Kama waya wa kwenda kwa injekta umekatika, itaamuru na hakuna atakayeisikia. Katika hali zote hizo gari litakataa kuwaka au litatetemeka, na fundi mwenye haraka atasema kompyuta imekufa. Ilhali yenyewe ni nzima.

Si kwamba haifi kamwe. Mnamo Agosti 2010, Toyota iliita magari zaidi ya milioni 1.1 aina ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada kwa sababu ya kompyuta ya injini. Kwenye baadhi ya mbao zake za saketi kungeweza kutokea ufa, na gari likakataa kuwaka au likazima njiani. Hiyo ilikuwa kasoro ya kiwandani. Hapa kwetu, sababu nyingi huletwa na sisi wenyewe.

Nini huiua?

Ya kwanza ni maji. Gari lililozama wakati wa mafuriko, kama yale yaliyokumba Nairobi mwaka wa 2024, linaweza kukauka na kuwaka vizuri, kisha baada ya miezi kadhaa kutu ya kijani ikala pini za ECU. Kuosha injini kwa mashine yenye presha kunaweza kuleta balaa lilo hilo.

Ya pili ni kujampu gari vibaya. Ukigeuza nyaya, chanya ikaenda kwa hasi, ukibahatika fyuzi itaungua peke yake. Usipobahatika, umeme utapita hadi kwenye ubao wa kompyuta.

Ya tatu ni kuchomelea. Ukipeleka gari kwa mtu wa welding akachomelea chasi au ekzosi bila kutenganisha betri, umeme wa mashine yake unaweza kutafuta njia kupitia nyaya za gari.

Ya nne ni koili, injekta au waya ulioshoti. Ndani ya ECU kuna swichi ndogo ya kielektroniki inayoendesha kila kimoja kati ya vifaa hivyo. Kifaa kikishoti, huvuta umeme mwingi kupita kiasi na kuichoma swichi hiyo. Hii ya nne iweke akilini, maana tutairudia.

Kipimo cha kwanza: Je, inapata umeme?

Weka ufunguo mahali pa ON bila kupiga stata. Taa ya injini, ile ya rangi ya machungwa yenye umbo la injini, inafaa kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda ECU haijaamka, na sababu ya kawaida huwa fyuzi au rilei kuu. Kwenye Toyota tafuta fyuzi zilizoandikwa EFI, ECU-B na IGN. Zichomoe moja moja, uzitazame, na uzipime kwa mita. Fyuzi ni ya bei ya chini sana ukilinganisha na kile unachotaka kununuliwa.

Kisha pima betri. Ikiwa imejaa na gari limetulia, inafaa kuonyesha takriban volti 12.6. Wakati wa kupiga stata, ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ECU inaweza kuchanganyikiwa au kujizima kabla injini haijashika. Hapo tatizo ni betri au vishikio vyake vilivyoota unga mweupe, si kompyuta.

Kuhusu vifaa, mwambie fundi atumie mita ya kidijitali. Ile taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida huvuta umeme mwingi, na ikiguswa kwenye waya usiofaa wa ECU inaweza kuichoma. Usikubali kompyuta nzima iuawe na anayeitafutia ugonjwa.

Kipimo cha pili: Arthi iko sawa?

Umeme ukiingia lazima upate njia ya kurudi. Njia hiyo ni nyaya za hasi zinazofungwa kwa bolti kwenye injini na kwenye bodi ya gari. Mafundi huziita arthi. Kama gari lako lilifunguliwa injini au gia hivi karibuni, uliza swali moja: bolti zote za arthi zilirudishwa? Moja ikisahaulika au ikifungwa juu ya rangi na kutu, gari linaweza kuonyesha hitilafu kumi zisizohusiana.

Kupima si kazi ngumu. Waya mmoja wa mita uwe kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye pini ya arthi ya ECU, kisha mtu apige stata. Mita inafaa kubaki karibu na sufuri. Ikizidi sehemu ya kumi ya volti, tafuta kutu au bolti iliyolegea kabla ya kutafuta muuza spea.

Kipimo cha tatu: Volti tano ziko wapi?

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi huruka, na ndicho kinachookoa pesa nyingi. ECU hupokea volti 12 kutoka kwa betri, lakini hutoa volti 5 kwa sensa nyingi. Sensa kadhaa hugawana laini hiyo moja.

Sasa sensa moja ikishoti, inaiangusha laini nzima. Sensa zote zinakuwa kama zimekufa kwa pamoja, namba za hitilafu zinajaa kwenye skana, na kwenye baadhi ya magari ECU inakataa hata kuzungumza na skana. Mtu asiyejua atasema, "Unaona? Kompyuta imekwisha."

Fundi mwenye subira atafanya hivi: ataweka mita kwenye waya wa volti 5, kisha atachomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine. Akichomoa moja na ghafla volti 5 zirudi, mwizi amepatikana. Utanunua sensa moja, au utafunga waya uliochubuka, na kompyuta yako itaendelea na kazi.

Kama amechomoa zote na volti 5 bado hazionekani, ilhali umeme na arthi ni sawa na waya wenyewe haujashoti popote, hapo sasa ana sababu ya kuishuku ECU.

Kipimo cha nne: Ufunguo na traka

Magari mengi ya siku hizi yana kinga ya wizi. Ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo, na gari lisipoitambua, stata inaweza kuzunguka lakini mafuta yasitoke, au injini ikashika kwa sekunde moja mbili kisha ikazima. Angalia taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kumweka wakati ufunguo uko ON, jaribu ufunguo wa akiba kwanza.

Halafu kuna traka. Magari mengi ya mkopo hufungwa traka inayoweza kuzima gari kutoka mbali. Aliyeifunga alikata waya fulani, mara nyingi wa pampu ya mafuta au wa kuwashia, akaweka rilei katikati. Rilei hiyo ikiharibika, au kiungo chake kikilegea, gari litakufa kama lililopoteza kompyuta. Na kama umechelewesha malipo, huenda hakuna kilichoharibika: umezimiwa. Piga simu kwa mwenye mkopo kabla ya kumlipa fundi. Usikate traka mwenyewe. Soma mkataba wako kwanza, kwani huenda kuigusa tu kunampa mwenye mkopo sababu ya kuchukua gari.

Skana inasema nini hasa?

Vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyounganishwa na simu vimejaa mjini, na ni vizuri kuwa na kimoja. Lakini jua mipaka yake. Baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japani, hasa ya zamani, hayazungumzi nacho. Kukosa mawasiliano si ushahidi kwamba ECU imekufa. Huenda ni kifaa, au fyuzi inayolisha soketi ya OBD imeungua. Fundi apime pini nambari 16 ya soketi hiyo kama ina umeme wa betri, na nambari 4 na 5 kama zina arthi.

Na namba ya hitilafu haikuambii ununue nini. Hukuambia uanzie wapi kutafuta. Tuseme imetokea P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya kwanza kwenda silinda ya pili na ya pili iende ya kwanza. Futa namba, endesha kidogo, soma tena. Ikigeuka P0302, ugonjwa umehama na koili. Ikibaki P0301, rudia mchezo huo kwa plagi, kisha injekta, kisha kagua waya. Ni baada ya vyote hivyo kuwa safi ndipo utauliza kama swichi ya silinda hiyo ndani ya ECU imeungua.

Namba inayoitaja kompyuta yenyewe ni kama P0606, inayohusu kichakato chake cha ndani. Hata hiyo, rudi kwa umeme na arthi kwanza, kwa sababu umeme mbovu unaweza kuileta.

Imekufa kweli. Sasa?

Basi vipimo vyote vimefanywa na ECU imepatikana na hatia. Swali la kwanza si bei. Swali ni: nini kiliiua? Kama ni ile koili iliyoshoti, na hujaibadilisha, kompyuta ya pili itaungua vilevile, pengine siku hiyo hiyo. Na maduka mengi ya spea hayarudishi vifaa vya umeme. Ukishatoka nayo mlangoni, ni yako.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kukarabati ile yako. Kama iliyoungua ni swichi moja au kapasita iliyovuja, fundi wa elektroniki anaweza kuibadilisha ubaoni, na faida kubwa ni kwamba taarifa za ufunguo wako zinabaki mle mle.

Ya pili ni kununua iliyotumika, na hapa ndipo wengi huliwa. Kila ECU ina namba ya kipuri kwenye lebo yake. Za Toyota nyingi za petroli huanza na 89661, kisha tarakimu nyingine zinafuata. Namba yote inafaa kulingana, si mwanzo tu. Vitz mbili zinaweza kufanana rangi hadi taa, lakini moja ina injini tofauti, au gia tofauti, au inaendesha magurudumu manne. Soketi zitaingia vizuri, gari litakataa.

Hata namba zikilingana, bado kuna kinga ya wizi. ECU uliyonunua inakumbuka ufunguo wa gari lililotolewa. Baadhi ya magari ya Japani hayana kinga hiyo, na hayo huchomekwa na kuwaka. Yaliyo nayo huhitaji fundi ahamishe taarifa kutoka kwa chipu ya kumbukumbu ya ECU yako kwenda kwa mpya, au aifanye ile mpya ijifunze ufunguo wako kwa mashine. Kwa hivyo usitupe ya zamani wala usiiache gerejini. Ndani yake mna kumbukumbu unazohitaji.

Ya tatu ni mpya kutoka kwa muuzaji rasmi. Ni ghali na huenda ukaingoja, lakini inakuja na dhamana.

Ukinunua iliyotumika, dai risiti yenye jina la duka na namba ya kipuri. Si urasimu. Kipuri cha bei ya kushangaza kinaweza kuwa kilichomolewa kwenye gari la mtu usiku, na chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini imeibwa kunaweza kukufunga hadi miaka 14.

Siku ya kubadilisha

Piga picha ya kila soketi kabla haijachomolewa. Weka alama ya kalamu kwenye ECU yako ili uijue ikirudi. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, kisha ngoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na dashibodi, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kwa muda. Soketi za manjano ni za mifuko hiyo, usiziguse. Na kama gari ni la haibridi, kama Aqua au Prius, nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Hilo mwachie aliyefunzwa.

Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika ECU ili umeme wa mwilini usiiharibu. Soketi hufunguliwa kwa kuinua au kubonyeza kishikio chake, si kwa kuvuta nyaya. Zikitoka, mulika ndani kwa tochi: pini iliyopinda, maji, kutu ya kijani. Mara nyingine jibu la asubuhi nzima huonekana hapo.

Ikishafungwa, injini inaweza kuunguruma bila utulivu kwa muda inapojifunza upya. Usilipe salio ukiwa gerejini. Endesha kilomita kadhaa, injini ipate moto, rudi, skana isomwe tena mbele yako. Ikiwa safi, lipa na uage.

Na wewe unayesoma hapa ukitafuta kazi, litazame pengo hili. Mji umejaa wanaoweza kubadilisha kipuri, ila wanaoweza kuthibitisha kwamba ndicho kibovu ni wachache. Magari ya mitumba tunayoingiza, yasiyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, yanazidi kujaa kompyuta kila mwaka. Mafunzo ya umeme wa magari yanapatikana katika vyuo vya kiufundi, na NITA hutoa mtihani wa ujuzi hata kwa aliyejifunzia jua kali.

Turudi Jumatatu yako. Fundi bado amesimama, anangoja M-Pesa. Mwambie hivi: "Fundi, ntakulipa ya kupima. Nionyeshe umeme unaingia, nionyeshe arthi, nionyeshe zile volti tano." Akichukua mita na kuinama, umempata fundi. Akikasirika, mlipe nauli yake, mwage kwa heshima, na upige simu kwa mwingine.